Kati ya "Angesaini" na "Amesaini"



Wanangu, nimechoka, na sitawaficha. Zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya ubao nikifundisha Kiswahili katika shule za msingi za huku kwetu, kisha nikastaafu nikidhani kalamu nayo itapumzika. Haikupumzika. Ukizeeka Garissa nawe unajua kusoma na kuandika, mlango wako hugeuka ofisi. Anayejaza fomu ya basari anabisha hodi. Yatima anayehitaji barua ya kumthibitisha anabisha hodi. Anayetafuta kitambulisho, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kukipata bila wazee kuulizwa baba yake ni nani na babu yake alichunga wapi, naye anabisha hodi. Wote wanataka kitu kimoja kwangu: mistari miwili ya wino iliyopindapinda chini ya karatasi.

Mjukuu wangu alinionea huruma. Jioni moja baada ya Magharibi akaniambia, "Awowe, hawa watu hawana haja ya kukusumbua kila siku. Andika sahihi yako leo tu, mimi nitaiweka kwenye simu." Akanipa karatasi nyeupe isiyo na mistari na kalamu ya wino mweusi. Nikaandika sahihi yangu mara tatu, moja chini ya nyingine. Akaipiga picha ile ya katikati, iliyokaa vizuri zaidi. Kisha akaipitisha kwenye programu inayofuta weupe wa karatasi, ukabaki wino peke yake, kama ulioandikwa juu ya kioo. Akafungua barua ya PDF, akaibandika pale penye nukta nukta, akaivuta kwa kidole ikawa kubwa mno, akaipunguza hadi ikatoshea. Nilikaa nikitazama jina langu likisogezwa huku na kule kama kiti. Barua ikaenda kwa WhatsApp. Kazi nzima haikufika dakika tano. Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikalala mapema.

Picha ile haikukaa kwenye simu ya mjukuu peke yake. Siku moja ilipelekwa saiba ili fomu zichapishwe, ikabaki kwenye kompyuta ya pale, katika faili lenye jina langu. Miezi ikapita. Ndipo nikaitwa mahali fulani kwenda kueleza jambo.

Mezani palikuwa na barua. Inasema namfahamu kijana fulani tangu utoto wake, nilimfundisha, na niko tayari kumdhamini apewe bidhaa kwa mkopo. Chini pana jina langu, na juu ya jina pana sahihi yangu. Kijana huyo sikumjua kwa sura wala kwa ukoo. Nikaomba niisogeze karibu na dirisha. Sahihi yangu ina kitanzi kwenye herufi ya kwanza, na siku ile niliyomwandikia mjukuu, kalamu iliruka kidogo kitanzi kinapopinda, ikaacha mwanya mwembamba kama unywele. Mwanya ulikuwepo. Nikaomba nionyeshwe barua nyingine zenye jina langu. Zikaja mbili. Mwanya ule ule, mahali pale pale.

Wanangu, mkono wa mtu hauandiki hivyo. Wanaochunguza maandishi kwa ajili ya mahakama wanalijua jambo hili vizuri: sahihi mbili za kweli za mtu mmoja hufanana kama ndugu, lakini hazilingani kila unywele. Siku moja mkono una haraka, siku nyingine una baridi, siku nyingine una huzuni. Ukizilaza sahihi mbili moja juu ya nyingine, ukaziinua kwenye mwanga zikakaa sawasawa bila kuzidiana popote, basi jua moja kati ya hizo haikuandikwa. Ilinakiliwa.

Aliyefanya hakuwa mbali: ni kijana wa pale saiba. Nilimfundisha darasa la sita. Alikuja kwangu na mama yake, akakaa kwenye mkeka, macho chini. Mama akalia kabla yake. Kijana akasema, "Mwalimu, Wallahi sikukusudia ubaya. Yule ni mtu mwema, ana shida. Nilijua ungekuwepo ungesaini."

Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nakumbuka ubao. Kila mwaka niliandika maneno mawili kwa chaki, moja chini ya jingine: angesaini, amesaini. Nikawaambia watoto, hili la kwanza ni la jambo ambalo halikutokea, na hili la pili ni la jambo lililokwisha kutokea. Watoto wakadhani ni habari ya silabi moja, nge na me, na katika mtihani wakazichanganya, nami nikakata alama moja. Sasa mwanafunzi wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amezichanganya tena, na safari hii hapakuwa na alama ya kukata. Kati ya angesaini na amesaini pana mto mpana kuliko Tana ukifurika. Mwenye haki ya kuuvuka ni mwenye mkono, na huuvuka akiwa macho.

Nilimsamehe. Lakini niliamua niseme na ninyi wote, maana yeye hakuwa mwizi, na hilo ndilo linaloniogofya. Alikuwa kijana mzuri aliyezoea kuona sahihi kama mchoro.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu inaita alama ya mkono wa mtu "sahihi", na neno hilo hilo linaita kitu kisicho na kosa, kilicho kweli. Waliotuachia lugha hii hawakutenganisha mambo hayo mawili. Kutia sahihi ni kusema: nilikuwepo, nilisoma, nilikubali, niulizeni mimi. Wino ni alama tu ya kwamba mambo hayo manne yametokea. Yasipotokea, wino unabaki, lakini usahihi haumo.

Sisi wafugaji tulilijua hili kabla ya karatasi. Nikiwa mdogo nilishika kamba siku ya kutia ngamia chapa. Chuma kiliwekwa kwenye makaa ya mgunga hadi kikawa chekundu, ngamia akalazwa, na mzee mmoja tu, aliyeruhusiwa na wenzake, ndiye aliyekichukua. Moshi, harufu ya manyoya yanayoungua, kilio cha mnyama, kisha alama ya ukoo shingoni, ambayo haitafutika mpaka afe. Ngamia yule akipotea, akaonekana baada ya mwaka kisimani mbali na kwao, watu wasiomjua mwenyewe hutazama chapa na kupeleka habari. Hakuna aliyeweza kuibandua chapa kwenye shingo ya ngamia mmoja akaibandika kwa mwingine. Nguvu yake ilikuwa hapo: imeshikana na ngozi.

Na mnajua habari ya pete ya Mtume wetu, swalla-Llahu alayhi wasallam. Alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za mbali aliambiwa kwamba hao hawasomi barua isiyo na muhuri. Akafanyiwa pete ya fedha iliyochorwa maneno ya utume wake, akaitumia kupigia muhuri. Kisha akakataza mtu mwingine yeyote asichore pete yake kwa maneno yale. Lizingatieni katazo hilo. Masahaba ndio waliokuwa watu waaminifu kupita wote waliomzunguka, hata hivyo hawakuruhusiwa kuwa na nakala, hata kwa nia njema. Baada yake pete ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ikamtoka Uthman ikaangukia katika kisima cha Aris pale Madina. Walitafuta siku tatu, wakayatoa maji, wasiipate. Kitu cha fedha kidogo cha kidoleni kilitafutwa namna hiyo. Nanyi mnaiacha sahihi ya baba yenu kwenye kompyuta ya saiba.

Msinifahamu vibaya. Sikuja kuwakataza simu. Nani anayeijua nchi hii atakataza jambo linalompunguzia mtu safari? Mtu wa Hulugho au Liboi akitakiwa kufika Garissa mjini kuweka mstari mmoja wa wino, anauza mbuzi kwanza. Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara pale Mororo, lori zilisimama upande huu na upande ule, wagonjwa na wanafunzi wakakaa, na hakuna karatasi iliyovuka isipokuwa ile iliyopita hewani. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen. Mlango umehamia kwenye kioo cha simu, na anayekataa kuubisha atabaki nje. Kwa hiyo tieni sahihi kwa simu. Ila mjue mnachofanya.

Kuna vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja, na wengi wenu mnavichanganya. Cha kwanza ni picha ya sahihi, kama ile ya mjukuu wangu. Unaweza kuichora kwa kidole kwenye kioo, au kuipiga picha karatasini, au hata kuandika jina lako na programu ikaligeuza kuwa maandishi ya mkono. Picha hii inaelea juu ya barua. Anayeweza kuibandika anaweza pia kuibandua. Na barua iliyo chini yake inaweza kubadilishwa: shilingi 10,000 ikaongezwa sifuri moja ikawa 100,000, na picha isijali, ikabaki pale pale ikimeremeta.

Cha pili ni sahihi ya kidijitali yenye cheti. Wazo lake lilielezwa hadharani mwaka 1976 na wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman. Kwa ufupi, unakuwa na funguo mbili: mmoja wa siri, unaokaa kwako peke yako, na mmoja wa hadharani, ambao kila mtu anaweza kuuona. Unapotia sahihi, programu huusoma waraka wote, neno kwa neno na nukta kwa nukta, ikatoa mfano wa alama ya kidole ya waraka huo, kisha ikaufungia mfano huo kwa ufunguo wako wa siri. Anayepokea anafungua kwa ule wa hadharani. Mtu akiwa amegusa hata koma moja, alama hazilingani, na programu inamwambia mpokeaji kwamba waraka umebadilishwa. Hii ndiyo chapa ya ngamia: imeshikana na ngozi.

Sahihi ya namna hiyo nayo huweza kuvalishwa picha, ili jicho la mtu lipate kitu cha kutazama: mchoro wa sahihi, jina, tarehe na saa. Hapo ndipo watu hudanganyika. Waraka mmoja una picha na nyuma yake pana cheti, mwingine una picha na nyuma yake hapana kitu, na ukizichapisha zote mbili karatasini huwezi kuzitofautisha. Picha ni uso tu. Ukipokea waraka wenye sahihi, ufungue kwenye programu, uibonyeze ile picha, uone kama itakuonyesha cheti na jina la aliyekitoa. Ikinyamaza, jua umepokea picha.

Sheria ya nchi yetu inaijua tofauti hii. Sheria ya Habari na Mawasiliano ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2009 ilizipa sahihi za kielektroniki nafasi yake, na ikaitaja ile ya daraja la juu kwa masharti manne: iwe imefungamana na mtu mmoja tu, iweze kumtambulisha, ifanywe kwa chombo kilicho mikononi mwake peke yake, na ishikane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye litajulikana. Machi 2020 marekebisho mengine yakaifungulia njia sahihi hiyo katika mikataba na katika hati za ardhi. Wanaotoa vyeti vyake hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Wosia umeachwa nje ya sheria hiyo: huo bado ni karatasi, wino na mashahidi. Sasa lisomeni tena sharti la tatu, kisha mniambie: picha ya sahihi iliyoachwa saiba iko mikononi mwa nani peke yake?

Na adhabu ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaja anayeghushi data ili ichukuliwe kuwa ya kweli: faini hadi shilingi milioni 10, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Akifanya kwa ajili ya faida, faini inafika milioni 20 na kifungo miaka 10. Kijana wangu wa darasa la sita alipoibandika picha ile hakujua kwamba alikuwa akicheza na miaka hiyo. Mama yake alipoisikia, alishika kichwa.

Lakini sitaki muache kwa kuogopa jela. Jela ni sababu ya mwisho. Nataka muache kwa sababu ya mahali tulipozaliwa.

Kaskazini Mashariki, karatasi haijawahi kuwa kitu chepesi. Siku 16 baada ya Uhuru, tarehe 28 Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huku, na haikuondolewa kisheria mpaka 1991. Nimekua ndani yake. Nimeona watu wazima wakishushwa basi kwenye daraja la Tana, wakipekuliwa mifuko, na yule ambaye kitambulisho chake kimechakaa pembeni akiachwa amekaa juani huku basi likienda. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya tuliitwa kuhojiwa, raia katika nchi yetu, tukapewa kadi za rangi tofauti ili kuthibitisha kwamba sisi ni sisi. Baadaye watoto wetu wakakaa mbele ya kamati za wazee na maafisa, wakaulizwa maswali ambayo mtoto wa Nyeri au Kisumu haulizwi. Mimi nimeketi upande ule wa meza pia, nikitia sahihi: huyu ni wetu, namjua. Februari 2025, Rais akiwa huku kwetu, alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada. Wazee wengi walifuta machozi siku hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Wakati wote huo, silaha yetu ilikuwa nini? Ni kwamba mzee akisema namjua, anamjua. Afisa aliyetoka mbali, asiyejua lugha yetu, alilazimika hatimaye kuitegemea sahihi ya mzee maskini mwenye koti la mitumba, kwa sababu mzee yule hakuwa ameziuza sahihi zake. Kila barua moja ya uongo inayopatikana inampa mtu fulani mahali fulani neno la kusema: mnaona, hawa watu karatasi zao haziaminiki. Na neno hilo halimpati aliyeghushi. Linampata binti wa Modogashe mwenye cheti cha kweli aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi.

Msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma wamekutwa na vyeti vya kughushi, na hao ni wa nchi nzima. Lakini mwenye nguo nyeupe hajilinganishi na mwenye nguo ya rangi. Sisi tumeshashukiwa bila kosa. Tukiongeza kosa, nani atatutetea?

Tena tunao mfano unaouma. Miaka ya ukame, familia za Wakenya wa hapa hapa, wenye njaa, zilikwenda kwenye kambi za Dadaab, zikajiandikisha pamoja na wakimbizi ili zipate unga na matibabu. Siwalaumu, na asiyewahi kuona mtoto akikosa maziwa asiwalaumu. Watoto waliwekwa vidole kwenye mashine. Miaka ikapita, watoto wakatimiza miaka 18, wakaenda kuomba vitambulisho vya nchi yao, na mashine ikajibu kwamba vidole hivi ni vya mkimbizi. Maelfu walikwama hapo kwa miaka, hawawezi kusajili laini ya simu, hawawezi kufungua akaunti, hawawezi kuajiriwa. Alama iliyowekwa siku moja kwa ajili ya kikombe cha unga iliendelea kusema wakati mwenyewe amesahau. Hivyo ndivyo alama ya mtu ilivyo. Ikitoka mkononi mwako inaenda kuishi mahali ambapo hutakuwepo kuieleza.

Basi yashikeni haya machache, na anayeweza awafundishe wengine.

Picha ya sahihi yako isikae saiba. Ukilazimika kuitumia pale, simama mpaka kazi iishe, ifute kwenye faili, ifute na kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha toka kwenye baruapepe yako na WhatsApp yako kabla hujainuka. Kwenye simu yako mwenyewe, iweke penye nenosiri.

Afadhali zaidi, usitunze picha moja ya kutumia milele. Kila waraka utie sahihi upya, kwa kidole chako, siku hiyo, na andika tarehe kando yake. Itakuwa mbaya kidogo, itapinda, na kupinda huko ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Ukimaliza, usiupeleke waraka ukiwa bado na sahihi inayoelea. Uhifadhi upya kama PDF iliyochapishwa, ili picha na maneno vishikane. Hilo si kufuli, lakini mlango uliorudishwa si sawa na mlango ulio wazi.

Zipo tovuti zinazosema leta waraka wako hapa, tia sahihi bure. Jiulize kwanza waraka huo una nini ndani: namba ya kitambulisho, jina la mama, namba ya akaunti. Ukiupakia pale, umeuacha nyumbani kwa mtu usiyemjua. Tumia programu inayofanya kazi ndani ya simu yako, na ukitoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake inaenda wapi na kwa kazi gani.

Unayepokea barua, usiridhike na uzuri wa sahihi. Piga simu. Usipige namba iliyo kwenye barua. Piga ile unayoijua wewe. Dakika moja ya "Mzee, hii ni yako?" ingenitosha mimi nisiitwe kule nilikoitwa. Na kwa mambo mazito, ardhi, mkopo, dhamana, dai cheti, au dai uso kwa uso na mashahidi.

Wewe uliye na picha ya sahihi ya mtu mwingine kwenye simu yako, ya mwalimu mkuu, ya chifu, ya mzazi wako, ifute leo. Akikuruhusu barua moja, amekuruhusu hiyo moja. Ya pili iombe upya, hata kama ni ile ile, hata kama una hakika.

Na mama zetu wasiojua kuandika, msiwachoree sahihi. Niliona kijana akimwambia mama yake, "Hooyo, tulia, nitakuandikia kitu kizuri," akamchorea mapindo matatu kwenye kioo, na mama hakujua ni waraka wa nini. Keti naye chini. Msomee kwa lugha yake, kuanzia juu mpaka chini, na pale penye pesa rudia mara mbili. Akielewa, akikubali, mpe kidau cha wino aweke kidole gumba chake mwenyewe. Kidole kile kimechota maji, kimekamua, kimekufunga kanga mgongoni. Kina heshima kuliko mchoro wako.

Sisi ni Waislamu, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo ndani ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, deni dogo na kubwa liandikwe. Mtume wetu alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi, akalirudia neno hilo mpaka waliokuwepo wakatamani anyamaze, kwa kumhurumia. Barua yenye sahihi ambayo mwenyewe hakuitia ni ushahidi wa uongo uliovaa shati safi. Na Surat Yasin, mnayoisoma kwa ajili ya maiti zetu, inatukumbusha siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri na mikono ndiyo itakayosema. Siku hiyo hakuna programu ya kufuta weupe. Mkono utasema nilichoandika na nilichobandika.

Nimesema mengi kwa mtu aliyechoka. Kijana yule nilimpa kazi moja: aende na mimi kwa kila aliyepokea barua zile, aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba mwalimu hakuzisaini. Tulitembea siku mbili, kutoka Soko Mugdi mpaka Bulla Iftin, juani, mimi na bakora yangu. Penye mlango wa tatu sauti yake iliacha kutetemeka. Sasa ndiye anayewafutia wateja mafaili pale anapofanya kazi, kabla hawajaondoka.

Mjukuu ameifuta ile picha mbele ya macho yangu. Nimerudia kusaini mwenyewe. Kila siku baada ya Alasiri nipo chini ya mti, na mlango uko wazi. Njooni na karatasi, njooni na simu, nitaisoma polepole, na nikikubali nitaitia sahihi kwa mkono huu unaotetemeka. Nikikataa nitawaambia kwa nini. Na mkinikuta nimelala, wanangu, nawaomba, subirini niamke.